Mafuta ya Mimea na Kijidudu wa Udongoni

Yeyote apitaye soko la Ikonge, katika kaunti ya Nyamira, msimu wa avokado unapokuwa umepamba moto, huona mali nyingi yenye thamani haba: matunda yaliyomwagwa juu ya magunia kando ya barabara, mikungu ya ndizi iliyoegemezwa safu kwa safu, madalali wakichagua yaliyo makubwa na magumu ya kustahimili safari ya Nairobi, na yale yaliyobaki, yaliyochubuka au kulainika kabla ya wakati wake, yakiishia kwa ng'ombe au yakioza chini ya miti iliyoyazaa. Milima hii ya Wagusii ina rutuba ya kusifika. Mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka, udongo wake ni mwekundu tena wenye kina, na mkulima asiyemiliki zaidi ya ekari moja hupata humo majani chai ya kupeleka kiwandani, wimbi la ugali, ndizi za kuuza, na miavokado mitatu minne mpakani mwa shamba. Mafuta yaliyomo ndani ya tunda hilo hayamshughulishi mtu sana, maana ya kupikia hununuliwa dukani, nayo asili yake aghalabu ni michikichi ya Malaysia na Indonesia.

Lakini mafuta ya mimea yana kazi nyingine, kazi ambayo mimi naihesabu miongoni mwa maajabu ya tiba ya zama zetu, na ambayo hata wagonjwa waitegemeao kwa uhai wao hawajapata kuisikia ikielezwa. Mafuta ya soya, na mengine ya jinsi yake, hulishwa kijidudu wa udongoni ndani ya matangi ya chuma, naye kijidudu, akisha kuyala, hutoa dawa ambayo pasipo hiyo figo iliyopandikizwa haidumu katika mwili wa mtu.

Yafaa tuanze na maradhi ndipo tuifikie dawa. Figo zikishindwa kazi kabisa, mgonjwa ana njia mbili kuu: kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma, kila mara akilala pale kwa muda wa saa nne hivi, au kupewa figo ya mtu mwingine. Wagonjwa wa Kisii na Nyamira waijua njia ya kwanza, kwa kuwa Hospitali ya Rufaa ya Kisii inazo mashine hizo. Njia ya pili huwapeleka mbali zaidi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mjini Nairobi au ile ya Moi pale Eldoret, na wengi katika miaka iliyopita walivuka bahari kwenda India baada ya jamaa na majirani kuchanga harambee moja baada ya nyingine. Tanzania nayo iliwategemea matabibu wa India kwa kazi hiyo mpaka Novemba 2017, Hospitali ya Muhimbili ilipopandikiza figo ya kwanza nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018.

Upasuaji wenyewe, kwa taabu zake zote, si ndio mwisho wa mambo. Mwili una tabia ya kuvitambua vilivyo vyake na kuvifukuza vilivyo vya wengine, na tabia hiyo, iliyo neema tunapopatwa na jeraha au homa, hugeuka kuwa nakama kwa mtu aliyepewa figo na ndugu yake. Maana chembe nyeupe za damu hazijui hisani wala nasaba, bali huiona figo ile kuwa ni ngeni, hupashana habari, huongezeka kwa wingi, na kuishambulia hata ife. Dawa iitwayo takrolimasi huukata mpasho huo wa habari. Huingia ndani ya chembe nyeupe, hushikamana na protini moja ndogo, na viwili hivyo kwa pamoja hukizuia kimeng'enya kiitwacho kalsineurini, ambacho lau kisingalizuiwa kingaliamrisha kutengenezwa kwa kemikali ambayo kwayo chembe hizo huitana na kuzaana. Figo husalimika, naye mgonjwa huendelea kumeza dawa yake kila siku muda wote figo hiyo iwapo mwilini, yaani, kwa walio wengi, umri wao wote uliobaki.

Ni dawa isiyotaka mzaha. Ikizidi katika damu huidhuru figo ile ile iliyokusudiwa kuilinda, hutetemesha mikono, na yaweza kuleta kisukari. Ikipungua, mwili huikataa figo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huipunguza mno, na maji ya balungi huizidisha, ndiyo sababu daktari humhoji mgonjwa wake hata juu ya vyakula alavyo, na damu yake hupimwa mara kwa mara kwa vipimo vya hali ya juu. Wengine huijua kwa sura nyingine kabisa, kwa kuwa hufanywa pia marhamu ya kupaka wenye ukurutu sugu.

Sasa, dawa hii haikutungwa na mwanadamu. Mwaka 1984 wataalamu wa kampuni ya Fujisawa ya Japani, waliokuwa wakichunguza udongo wa mahali mbalimbali kutafuta vitu vyenye athari katika kinga ya mwili, waliikuta kwa bakteria mmoja aliyetoka katika ardhi ya Tsukuba, kaskazini ya Tokyo. Wakamwita Streptomyces tsukubaensis, na dawa yake wakaiita kwa nambari, FK506, kabla haijapewa jina la kuitwa na watu. Mwaka 1989 tabibu Thomas Starzl, mtangulizi wa upandikizaji wa ini, alianza kuwapa dawa hiyo wagonjwa wake mjini Pittsburgh, na mwaka 1994 Marekani ikaruhusu itumike kwa waliopandikizwa ini. Jamaa ya bakteria hawa si wageni kwetu: ile harufu tamu ipandayo kutoka shambani mvua inapoanza kunyesha juu ya udongo mkavu ni wao wanaoitoa, na ni katika jamaa hiyo hiyo ilimopatikana streptomaisini, dawa ya kwanza kuitiisha kifua kikuu.

Wala takrolimasi si peke yake katika kutoka ardhini. Saiklosporini, iliyoitangulia, ilipatikana katika kuvu wa udongo uliochotwa mwaka 1969 katika uwanda wa juu wa Hardangervidda, Norway, na mtumishi wa kampuni ya Sandoz ya Uswisi aliyekuwa likizoni. Na rapamaisini ilitoka katika udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya bahari ya Pasifiki, uliochukuliwa na msafara wa Wakanada uliofika huko mwaka 1964. Mtu aweza kuuliza, na ni swali la haki, kijidudu asiye na figo wala damu ana haja gani na dawa ya namna hii. Jawabu lililo karibu na akili ni kwamba jirani zake wengi udongoni ni kuvu, nao kuvu wana kalsineurini kama sisi. Kwa hiyo kinachomponya mgonjwa wa Eldoret yamkini kilianza kuwa silaha katika ugomvi wa mashamba usioonekana kwa macho.

Tatizo ni uchache. Kijidudu aliyetolewa udongoni hivi hivi hutoa miligramu chache tu za dawa katika lita nzima ya mchuzi anaofugwa ndani yake, na kutoka uchache huo haiwezekani kuwatosheleza wagonjwa wa ulimwengu. Wafugaji wa vijidudu, maana ndivyo walivyo, wana njia mbili za kumwongezea tija: ya kwanza ni kumbadilisha mwenyewe, kwa kumpiga mwanga mkali au kuzigeuza chembe zake za urithi, kisha kumchagua aliye bora katika maelfu, ya pili ni kumbadilishia chakula. Hii ya pili haina fahari ya ile ya kwanza, wala haiandikwi magazetini, lakini ndiyo inayonivuta mimi, kwa kuwa ni hikima iliyo karibu na ya mama apikaye pombe ya wimbi, ajuaye kwamba nafaka ni ile ile na chungu ni kile kile, ila kimea kikizidi au maji yakipoa mapema, kinywaji huharibika.

Ukimpa kijidudu huyu glukosi tele, atafurahi, atakula, atanenepa na kuzaana, wala hatakupa dawa. Sukari nyepesi humwambia kwamba riziki ipo na hakuna vita, na njia zote za kutengeneza dawa hubaki zimefungwa mpaka sukari iishe. Na ikisha kuisha kwa ghafula, huenda akawa amekwisha kuchoka. Glukosi huwaka kama moto wa mabua, ilhali mafuta ni gogo la mti mgumu lililosukumwa chini ya chungu likaungua usiku kucha. Gramu moja ya mafuta ina nguvu iliyozidi maradufu ya gramu moja ya sukari, nayo haitolewi yote mara moja, kwa sababu kijidudu hana budi kuyavunja kwanza: hutema nje kimeng'enya kiitwacho lipesi, ambacho huzitenga zile nyuzi tatu za asidi ya shahamu zilizofungwa pamoja katika kila chembe ya mafuta, kisha nyuzi huingia ndani mwake kidogo kidogo, na huko hukatwa kaboni mbili mbili, hata uzi wenye kaboni 16 ukatoa vipande vinane.

Hapo ndipo penye siri ya jambo zima. Chembe moja ya takrolimasi ina kaboni 44, na sehemu kubwa yake ni duara lijengwalo kwa kuunganisha vipande vidogo, kimoja baada ya kingine, mara kumi mfululizo, juu ya protini kubwa mno zinazofanya kazi kwa zamu. Na vipande hivyo hutengenezwa kwa vile vile vikatwavyo kutoka nyuzi za shahamu, baada ya kugeuzwa kidogo. Kwa hiyo apewaye mafuta hupewa kwa mkono mmoja riziki ya kuishi na malighafi ya kazi yake, tena kwa mwendo wa polepole usioamsha ile tabia ya kunenepa na kusahau dawa. Watafiti wa Korea Kusini waliomfuga Streptomyces clavuligerus, bakteria mwingine mwenye kutoa dawa hii hii, kwa mafuta ya soya, walitambua kwamba uhodari wa kutoa lipesi na uhodari wa kutoa takrolimasi huandamana. Nami naona ni natija ya kupendeza, kwa kuwa yatufahamisha kwamba kikwazo kilikuwa mdomoni mwa kijidudu kabla ya kuwa tumboni mwake.

Je, mafuta ni mafuta tu, yawayo yote? Hasha. Ya soya yamejaa asidi ya linoleiki, takriban nusu yake. Ya nazi nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye nyuzi fupi. Ya mbarika ni ya namna ya peke yake na mazito. Ya zeituni na ya avokado yana asidi ya oleiki kwa wingi. Kila jinsi ya bakteria ina mate yake na tumbo lake, na yaliyomfaa mmoja huenda yasimfae mwenziwe, basi maabara nyingi hujaribu mafuta haya yote, pamoja na alizeti, ufuta na mahindi, na kila moja hurudi na jawabu lake. Kwa desturi mafuta ya soya ndiyo yaliyoshika nafasi ya mbele viwandani, na sababu moja haina siri yoyote ya kielimu: ni rahisi na hupatikana kote. Fauka ya hayo, mafuta huzima povu, na mtu ambaye hajapata kuona tangi la lita maelfu likifura povu hata likatoka juu na kuchafua sakafu nzima hawezi kuithamini huduma hiyo. Hata zama za penisilini, wenye viwanda walimimina mafuta matangini kwa ajili ya povu, na baadaye ndipo ikabainika vizuri kwamba vijidudu walikuwa wakiyala.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba kazi ni kumimina tu. Mafuta na maji hayapatani, basi sharti mchuzi ukorogwe kwa nguvu usiku na mchana ili mafuta yagawanyike kuwa matone madogo yanayofikiwa na lipesi. Kuyachoma kwataka oksijeni nyingi kuliko kuichoma sukari, na hewa safi haina budi kupulizwa bila kukatika, jambo lililo gumu pale ambapo umeme hukatika kila mvua inyeshapo. Asidi za shahamu zikirundikana kupita kiasi humdhuru kijidudu mwenyewe. Na mwisho wa kazi hungoja taabu iliyo kubwa kuliko zote: takrolimasi yenyewe hupenda shahamu na huchukia maji, kwa hiyo mafuta yaliyobaki bila kuliwa huishika dawa na kuificha, na mwenye kuisafisha hulazimika kuitafuta ndani ya takataka yenye utelezi. Tena kijidudu, akikosa kipande kimoja maalumu cha ujenzi, hutia kingine kinachofanana nacho, ikapatikana dawa pacha iitwayo askomaisini, iliyo taka katika kazi hii, na kuzitenganisha pacha hizo kwagharimu fedha nyingi. Mlishaji hodari basi ni yule ajuaye kutoa mafuta kwa kipimo na kwa saa zake, yakaisha siku ile ile dawa inapokuwa imetimia.

Historia inao ushahidi kwamba chakula huweza kushinda ugunduzi. Waingereza waliokwisha kuthibitisha nguvu za penisilini walishindwa kuipata kwa wingi, na mwaka 1941 Howard Florey na Norman Heatley wakaibeba kuvu yao hata Marekani, katika maabara ya serikali ya kilimo iliyokuwa Peoria, jimbo la Illinois, nchi ya mahindi. Kule Andrew Moyer akatia katika mchuzi wa kuvu maji mazito yabakiayo mahindi yakisha kuloweshwa ili kutolewa wanga, takataka ambayo wakulima na wenye viwanda walikuwa wakitafuta pa kuitumia, na penisilini ikaongezeka mara nyingi. Vita vilipofika ufuoni mwa Normandy mwaka 1944, dawa ilikuwapo. Taka za shambani, kwa maneno mengine, ziliingia katika tiba ya dunia kupitia mlango wa jikoni.

Na sisi katika Kenya tunao mfano wetu, ingawa ni wachache waujuao. Mwaka 1970 udongo wa shamba la kahawa karibu na Ruiru, mwendo mfupi kutoka Nairobi, ulifikishwa Ujerumani, na katika udongo huo wataalamu wa kampuni ya Bayer wakampata bakteria wa jamaa ya Actinoplanes waliyemsajili kwa alama SE50. Bakteria huyo hutoa akabozi, dawa ya kisukari inayochelewesha wanga kusagwa tumboni ili sukari isipande ghafula katika damu baada ya chakula. Ilianza kuuzwa mwaka 1990, nayo imekwisha kutumiwa na wagonjwa wengi sana katika bara la Asia na Ulaya. Kisa chake kilipotangazwa katika ripoti ya mwaka 2006 juu ya mali za asili za Afrika zilizochukuliwa bila ya fungu, watu walighadhibika, na wana haki. Sheria za kimataifa zilikuja nyuma ya tukio: mkataba wa bayoanuwai ni wa mwaka 1992, na itifaki ya kugawana manufaa iliafikiwa Nagoya, Japani, mwaka 2010, miaka 40 baada ya udongo wa Ruiru kuondoka. Wenyeji wa Rapa Nui nao wana malalamiko ya namna iyo hiyo.

Walakini ghadhabu ya udongo peke yake naiona kuwa imesimama nusu ya njia. Bakteria wa Ruiru, kama alivyokuwa shambani, hangalimfaa mgonjwa hata mmoja. Kilichomgeuza kuwa mali ni miaka ya watu wasiojulikana majina, waliokaa mbele ya matangi wakimjaribu kwa chakula hiki na kile, mpaka ikabainika kwamba apendacho ni maltosi, sukari ambayo sehemu zake huingia katika mwili wa dawa yenyewe. Na maltosi ni nini ila ile sukari ya kimea, ambayo mwanamke wa Gusii huipata kwa kulowesha wimbi, kuliotesha, kulianika na kulisaga, kabla hajapika amarwa inywewayo kwa mirija mirefu? Elimu ya msingi ilikuwapo huku. Iliyokosekana ni maabara ya kuipeleka mbele, na mwenye fedha aliyekuwa radhi kungoja miaka ishirini.

India haikungoja hivyo. Mwaka 1978 Kiran Mazumdar, binti aliyesomea upishi wa bia Australia na kunyimwa kazi ya hadhi hiyo kwao kwa kuwa ni mwanamke, alianzisha kampuni ya Biocon mjini Bangalore, na bidhaa zake za kwanza zilikuwa papeini, kimeng'enya kikamuliwacho katika mapapai mabichi, na utando wa vibofu vya hewa vya samaki utumikao kusafisha bia. Papeini hiyo Tanganyika na Kongo zilikuwa zikiisafirisha tangu zama za wakoloni, ikiwa utomvu uliokaushwa, wala hakuna aliyevuka kutoka utomvu kwenda tangini. Biocon ilivuka: kutoka vimeng'enya ikaingia katika dawa zitokanazo na vijidudu, na leo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa takrolimasi, kama ilivyo Concord Biotech ya jimbo la Gujarat. Hati miliki ya Wajapani ilipokwisha Marekani mwaka 2008, kampuni nyingine zilikuwa tayari, bei ikashuka, na mgonjwa wa Nairobi akafaidi kazi ya tangi lililoko ng'ambo ya bahari ya Hindi.

Watasema watu kwamba Kenya haina matangi. Matangi yapo tangu mwaka 1922, ilipoanza kupikwa bia pale Ruaraka, na ni kazi ile ile kwa misingi yake: kiumbe hai, chakula chake, joto lililodhibitiwa, hewa iliyopimwa, na usafi usio na msamaha. Karibu zaidi na Nyamira, huko chini bondeni Muhoroni, kiko kiwanda cha Agro-Chemical kinachochukua molasi, masazo ya miwa, na kuigeuza kuwa spiriti na hamira. Wazee wa Gusii wanaikumbuka pia pireto, maua waliyoyachuma na kuyakausha juu ya milima hii ili yapelekwe Nakuru kukamuliwa sumu ya wadudu, wakati Kenya ilipokuwa mwuzaji mkuu wa bidhaa hiyo ulimwenguni. Viwanda vya dawa vya Nairobi na Kikuyu, kwa upande wao, hufanya kazi ya sifa, lakini aghalabu unga wenyewe wa dawa huagizwa kutoka nje, nao huuchanganya, huukandamiza kuwa vidonge na kuufungasha.

Basi avokado za Ikonge zingefaa? Hapa yapasa kusema kwa insafu. Mafuta safi ya avokado, kama yanayokamuliwa Murang'a na kampuni ya Olivado kwa ajili ya meza na vipodozi, yana bei ya juu mno kulishwa bakteria, na mwenye akili atayauza Ulaya kisha anunue ya soya. Linalostahili kuchunguzwa ni tunda lililokwisha kuchubuka, lile la chini ya mti, ambalo mafuta yake hayafai mezani kwa kuwa yameanza kuvunjika na asidi zake zimeachana. Huko kuvunjika, kulikokuwa aibu kwa mwenye duka la vipodozi, kwa kijidudu ni kazi iliyokwisha kufanywa nusu. Ila asidi zilizo huru zikizidi humdhuru, kama tulivyotangulia kueleza, kwa hiyo suala zima ni la kipimo, na kipimo hakijulikani kwa kubahatisha.

Neno moja la tahadhari, kwa kuwa nawajua watu wa masokoni na maneno ya wauza dawa za chupa: mafuta haya hayana takrolimasi ndani yake, wala hayawi dawa kwa kunywewa. Mgonjwa wa figo atakayeacha vidonge akanywa mafuta ya avokado, au ya nazi, au ya mbarika, ataipoteza figo yake. Dawa hutoka kwa kijidudu, na mafuta ni chakula cha kijidudu.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii mwenye kutafuta kazi ya utafiti, mambo hayako mbali sana. Bakteria wa Tsukuba amehifadhiwa katika hazina ya vijidudu ya Peoria, ile ile Peoria ya penisilini, kwa nambari NRRL 18488, na aina hiyo yatumiwa na watafiti ulimwenguni. Hukua vizuri katika joto la nyuzi 28, halijoto ambayo Nyamira penye baridi hupatikana kwa kisanduku cha umeme cha bei nafuu. Chupa za kioo, meza ya kuzitikisa, lita chache za mafuta yaliyokamuliwa kwa matunda ya kutupwa, na juma moja au zaidi la kungoja. Kigumu ni kuipima dawa mwishoni, maana yataka mashine ya kromatografia yenye gharama kubwa na mtu ajuaye kuisoma, na hapo huenda akalazimika kupanda gari na sampuli zake katika kisanduku cha barafu hadi Nairobi. Kisha arudi, abadilishe kipimo cha mafuta, na kuanza upya.